Maili 120 za baharini ni kilomita ngapi, na ile saa moja ilipotelea wapi?

Msomaji ameuliza: "Nilisafiri kwa meli. Karatasi ya safari iliandika umbali maili 120, mwendo noti 15. Nilizidisha maili kwa 1.609 nikapata kilomita 193. Simu ikanibadilishia noti 15 kuwa kilomita 27.8 kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa 7 kasoro dakika 3. Meli ikachukua saa 8 kamili, na njiani haikusimama popote. Kurudi, kwa noti 15 zilezile, ikachukua saa 9 na robo. Nahodha alipunguza mwendo, au hesabu yangu ni mbovu? Na je, ipo njia ya kubadili vipimo hivi kichwani bila simu?"

Tuanze na safari ya kwenda. Nahodha hakupunguza mwendo. Hesabu yako yote ilikuwa sawa isipokuwa hatua ya kwanza, pale ulipoichukua maili ya baharini ukaibadili kama maili ya nchi kavu. Maili inayoandikwa kwenye karatasi za meli ina mita 1,852. Ile ya barabarani ina mita 1,609 na kidogo. Kwa hiyo maili zako 120 zilikuwa kilomita 222, na 222 ukizigawa kwa 27.8 unapata saa 8, zilezile meli ilizotumia. Kilomita 29 ulizozipunguza bila kujua ndizo zilizoondoka na saa yako moja.

Lakini hapo hukuhitaji kilomita hata moja. Noti maana yake ni maili moja ya baharini kwa saa. Umbali maili 120, mwendo noti 15: gawanya, jibu ni 8, basi. Jambo hili nalisema kwa kila anayeanza kujifunza hesabu za safari, na nitaendelea kulisema: ukishaingia kwenye vipimo vya bahari, baki humohumo mpaka jibu lipatikane, ndipo ubadili, na ubadili mara moja tu. Wewe ulibadili mara mbili, umbali upande mmoja na kasi upande mwingine, kila upande kwa maili yake. Simu ilikuwa inafikiri maili ya baharini, wewe ulikuwa unafikiri ya barabarani, na hakuna kati yenu aliyemwambia mwenzake.

Sasa kwa nini kuna maili mbili? Hili ningependa tulikalie, maana mtu akilielewa hana haja tena ya kukariri tarakimu.

Maili ya nchi kavu ilitokana na hatua za watu waendao kwa miguu, baadaye ikafungwa na sheria. Maili ya baharini ilitokana na dunia yenyewe. Kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini kuna digrii 90 za latitudo. Kila digrii ina dakika 60, za pembe, si za saa. Zidisha, unapata dakika 5,400. Maili ya baharini ni urefu wa dakika moja kati ya hizo. Baharia aliyepima nyota au jua akaona latitudo yake imebadilika kwa dakika 40 alijua papo hapo kwamba amesogea maili 40 kuelekea kaskazini au kusini. Pembe aliyoipima angani ilikuwa umbali alioupita majini, bila hesabu nyingine katikati. Ndiyo sababu mabaharia, na baadaye marubani, hawakuiacha hata pale dunia nzima ilipokuwa ikihamia kwenye kilomita.

Na kilomita nayo ni mtoto wa dunia hiyohiyo. Katika miaka ya 1790 wataalamu wa Ufaransa waliamua kwamba mita iwe sehemu moja kati ya milioni kumi za umbali kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Maana yake umbali huo ni kilomita 10,000. Umbali uleule, kwa vipimo vya bahari, ni maili 5,400. Weka namba hizi mbili pamoja: 10,000 gawa kwa 5,400 ni 1.85185. Hapo ndipo ilikotoka 1.852. Na ukigeuza, 5,400 kwa 10,000 ni 0.54: kilomita 100 ni maili 54 za baharini. Ukikumbuka 54 kwa 100, umekumbuka kila kitu.

Dunia, hata hivyo, si duara kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Dakika moja ya latitudo kwenye ikweta ina mita kama 1,843, na karibu na ncha inafika mita 1,862. Kila taifa lilichagua wastani wake: Uingereza ilitumia futi 6,080, sawa na mita 1,853.18; Marekani mita 1,853.25. Mwaka 1929 mkutano wa kimataifa wa wapimaji wa bahari uliofanyika Monaco ulikubaliana mita 1,852 kamili. Marekani ilijiunga mwaka 1954, Uingereza mwaka 1970. Ukikuta kitabu cha zamani chenye namba tofauti na yangu, usikidharau. Kiliandikwa kabla ya makubaliano. Tofauti yenyewe ni mita moja na robo hivi kwa maili. Kwenye safari yako nzima isingezidi mita 150.

Kosa lako, kwa njia, lina ndugu yake mkubwa katika historia. Christopher Columbus alisoma hesabu za al-Farghani, mnajimu wa karne ya 9, kwamba digrii moja ya dunia ina maili 56 na theluthi mbili. Al-Farghani alikuwa anazungumzia maili ya Kiarabu, inayokaribia kilomita mbili. Columbus akaichukulia kuwa maili ya Kirumi, yenye mita kama 1,480. Digrii ikawa kilomita 84 badala ya 111, dunia ikapungua robo yake, na Asia ikaonekana iko jirani upande wa magharibi. Namba aliyoisoma ilikuwa njema. Hakuuliza ni maili ya nani.

Turudi kwenye noti, ambayo wengine huiita fundo, na hilo la pili ndilo linaloonyesha asili yake. Zamani kasi ya chombo ilipimwa kwa batli: kibao chenye uzito upande mmoja, kilichofungwa kwenye kamba ndefu na kutupwa nyuma, upande wa tezi. Kibao kilikaa palepale majini, chombo kikasonga mbele, na kamba ikawa inafunguka. Kwenye kamba hiyo kulikuwa na mafundo yaliyoachana kwa nafasi sawa. Mtu mmoja alishika kamba, mwingine akaangalia chupa ya mchanga. Mchanga ukiisha, mafundo yaliyopita mkononi ndiyo kasi. Kipimo kilichoenea kilikuwa sekunde 28 kwa mafundo yaliyoachana futi 47 na inchi 3. Fanya hesabu mwenyewe: futi 47.25 kwa sekunde 28, kwa saa nzima yenye sekunde 3,600, ni futi 6,075. Hiyo ni karibu kabisa na maili ya baharini. Watu wale hawakuhitaji kugawanya wala kuzidisha. Hesabu yote ilikuwa imefungwa ndani ya kamba.

Kwa hiyo usiseme "noti 15 kwa saa". Saa tayari imo ndani ya noti. Najua magazeti huandika hivyo, na msomaji anaelewa, lakini kwa anayefanya hesabu ni hatari, kwa sababu anaweza kudhani noti ni umbali.

Uliomba njia ya kichwani. Nitakupa ninayoitumia mwenyewe.

Kutoka maili za baharini kwenda kilomita: zidisha mara mbili, toa sehemu ya kumi, kisha rudisha robo ya ulichotoa. Maili 120 mara mbili ni 240. Sehemu ya kumi ni 24, toa, inabaki 216. Robo ya 24 ni 6, rudisha: 222. Ukiwa na haraka acha hiyo hatua ya mwisho, utakosea kwa asilimia tatu tu, jambo ambalo kwa mazungumzo halina madhara. Njia hiyohiyo inageuza noti kuwa kilomita kwa saa, kwa kuwa ni maili ileile.

Kutoka kilomita kwenda maili za baharini: chukua nusu, halafu ongeza 4 kwa kila kilomita 100. Kilomita 222: nusu ni 111, ongeza kama 9, unapata 120. Ni ile 54 kwa 100 uliyoiona juu, imevaa nguo nyingine.

Noti kwenda mita kwa sekunde ni rahisi zaidi: gawa kwa mbili. Jibu kamili ni 0.514, kwa hiyo nusu inapungua kidogo sana. Hii inafaa kwa utabiri wa hali ya hewa, maana taasisi nyingine hutoa kasi ya upepo kwa noti na nyingine kwa mita kwa sekunde. Upepo wa daraja la 8 kwenye kipimo cha Beaufort, ambao mwenye chombo kidogo hapaswi kuukuta baharini, ni noti 34 hadi 40. Kwa mita kwa sekunde ni 17 hadi 21. Ona jinsi 20 inavyoweza kuwa upepo wa kusafiria au dhoruba, kutegemea kipimo kilichoandikwa pembeni yake.

Na ukitaka kujua meli itasogea wapi ndani ya muda mfupi, tumia dakika 6, ambazo ni sehemu ya kumi ya saa. Noti 15 ni maili 1.5 kwa dakika 6. Sogeza nukta tu. Kwa mita, noti moja ni karibu mita 31 kwa dakika, hivyo meli yako ilikuwa inakula mita 463 kila dakika. Mwenye ngalawa anayeamua kukatiza mbele ya meli kubwa angefaa kuijua namba hii.

Sasa niingie kwenye makosa ambayo hukuyauliza, ila utayakuta kesho kama unapenda hesabu hizi.

La kwanza ni la nafasi kwenye ramani. Dakika ya latitudo ni maili moja, lakini dakika ya longitudo sivyo. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Kwenye ikweta dakika ya longitudo inakaribia maili moja. Kwenye latitudo ya digrii 60 imebaki nusu. Kwa hiyo unapopima umbali kwenye ramani ya bahari kwa bikari, pima kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia, ambako latitudo zimeandikwa. Kamwe usipime kwenye ukingo wa juu au wa chini. Na upime usawa wa mahali chombo kilipo, kwa sababu ramani nyingi za bahari bado zinafuata mchoro alioutoa mchoraji ramani Mercator mwaka 1569, ambao unavuta nchi kadiri unavyotoka kwenye ikweta. Dakika moja iliyo juu ya karatasi ni ndefu kuliko iliyo chini, au fupi, kutegemea uko upande gani wa dunia.

La pili limewahi kunipata nikiwa mwanafunzi, na sijalisahau. Nilipewa latitudo ya digrii 6 na dakika 30, nikaiingiza kwenye mashine kama 6.30. Mashine ilikuwa inasoma digrii na desimali. Dakika 30 ni nusu ya digrii, kwa hiyo nilitakiwa kuandika 6.50. Tofauti ya 0.20 inaonekana ndogo, lakini ni dakika 12, yaani maili 12, yaani kilomita 22. Lilikuwa zoezi la darasani na hakuna chombo kilichodhurika. Baharini, kilomita 22 ni tofauti ya kuwa kwenye maji marefu na kuwa juu ya mwamba. Kuna maandishi matatu ya nafasi ileile: digrii na desimali, digrii na dakika zenye desimali, na digrii, dakika na sekunde. Ukipokea nafasi kwa redio au kwa ujumbe, uliza ni maandishi gani kabla hujaigusa mashine.

La tatu ni la kina, na hapa Kiswahili kimetutangulia. Neno pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Hivyo ndivyo aliyekuwa akishusha bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, alivyoihesabu kamba hiyo alipoivuta juu: mkono huu, mkono ule, pima moja. Mataifa mengine yalipima hivyohivyo, na sasa pima ya kwenye ramani imewekwa kuwa futi 6, sawa na mita 1.83. Kichwani, zidisha mara mbili kisha toa sehemu ya kumi: pima 10 ni mita 18.

Hatari iko kwenye ramani zenyewe. Ramani za Uingereza zilianza kuhamia kwenye mita mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini za pima na futi bado zipo, hasa za Marekani. Namba 5 iliyoandikwa katikati ya maji inaweza kuwa mita 5 au mita 9. Anayesoma ramani ya pima akidhani ni mita atakuwa mwoga kupita kiasi, na atafika salama. Anayesoma ramani ya mita akidhani ni pima, na chombo chake kimezama mita 6 chini ya maji, atakwama. Kuna na ile namba ndogo inayoandikwa chini kidogo ya namba kubwa: 4 yenye 3 ndogo. Kwenye ramani ya mita ni mita 4.3. Kwenye ramani ya pima ni pima 4 na futi 3, yaani futi 27, yaani mita 8.2. Maandishi ni yaleyale, na kina kimekuwa karibu mara mbili. Kipimo kinachotumika kimeandikwa karibu na jina la ramani. Macho yaende hapo kabla ya kwenda kwenye bahari.

Vingine nitavipitia haraka. Kebo ni sehemu ya kumi ya maili, mita 185. Mnyororo wa nanga huhesabiwa kwa vipande vya pima 15, mita 27.4 kila kimoja; ukisikia vipande vitano viko majini, ni mita 137. Mpaka wa bahari ya nchi, kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982, ni maili 12, au kilomita 22.2, na eneo la kiuchumi ni maili 200, au kilomita 370.4. Hizo zote ni maili za baharini, na nimeona ripoti nzuri zikizibadili kwa 1.609 kama ulivyofanya wewe. Kwa maili 200 kosa hilo linaifutia nchi karibu kilomita 49 za bahari yake.

Tani nazo zinahitaji tahadhari, kwa kuwa hapo watu hujaribu kubadili kisichobadilika. Ukisoma kwamba meli ina ukubwa wa jumla wa 2,800, hiyo haina uhusiano na kilo. Ni kipimo cha nafasi ya ndani. Kanuni yake ilitoka kwenye mkataba wa mwaka 1969: chukua mita za ujazo za nafasi zote zilizofungwa, zidisha kwa kizidishio kinachokua taratibu kadiri meli inavyokuwa kubwa. Meli yenye mita za ujazo 10,000 ina kizidishio cha 0.28, na ndiyo inayopata 2,800. Tani za uzito wa shehena, mafuta, maji na watu ambao meli inaweza kubeba ni namba nyingine kabisa, na uzito wa maji ambayo meli imeyasukuma ni namba ya tatu. Hakuna kuzidisha kutakakokutoa kwenye moja kukupeleka kwenye nyingine. Ukiona "tani" bila maelezo, uliza ni tani za nini.

Nimebakiwa na safari yako ya kurudi. Maili 120 kwa saa 9 na robo ni noti 13, siyo 15, na hakuna kubadili vipimo kutakakozirudisha noti mbili zilizopotea. Swali langu kwako ni moja: hizo 15 zilisomwa wapi? Meli ina vipimo viwili vya kasi. Kimoja, mrithi wa batli, kinapima mwendo wa meli ndani ya maji. Kingine, cha setilaiti, kinapima mwendo wake juu ya ardhi. Meli ikienda noti 15 ndani ya maji, na maji yenyewe yakiwa yanasogea noti 2 kinyume chake, itakuwa inasogea noti 13 tu kuelekea bandarini, injini ikiunguruma vilevile. Ukipata nafasi, muulize mtu wa zamu namba ile ilikuwa ya maji au ya ardhi. Kama ilikuwa ya maji, ulikutana na mkondo. Kama ilikuwa ya ardhi, basi kuna mahali meli ilipunguza mwendo au ilizunguka, na kitabu cha safari kitakuwa kimeandika saa ngapi.